Nyumba Moja, Watani Wawili: Nani Anatunza Kumbukumbu za Shamba la Bibi?

Mabao sita ambayo Simba iliifunga Yanga tarehe 19 Julai 1977 hayana mkanda wa kutazama. Televisheni ilikuwa haijafika Tanzania Bara; ilikuja kufika mwaka 1994, miaka 17 baada ya mechi ile. Kijana wa leo anayetaka kumwona Abdallah Kibadeni akipachika mabao matatu peke yake katika mechi ya watani wa jadi hana pa kubofya. Atapata majina ya wafungaji tu: Kibadeni "King Mputa" matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja ambalo Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. Akitaka zaidi ya hapo, yaani nani alilia, nani alizimia, Wanayanga walitokaje uwanjani na walipita njia gani kurudi Kariakoo bila kuonekana, itabidi amtafute mtu aliyekuwapo.

Mtu huyo, kama siku ile alikuwa kijana wa miaka 20, leo anaukaribia umri wa miaka 70.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Klabu zetu mbili kubwa zimehama uwanja uliozilea na hazikubeba kitu. Vilivyobaki vimebaki vichwani mwa mashabiki, na mashabiki hao tunawazika mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiondoka na mechi zake. Naamini kabisa kwamba kuzikusanya kumbukumbu hizo ni kazi ya klabu zenyewe, na kwamba zimechelewa.

Uwanja wenyewe haujaenda popote. Upo Temeke, bega kwa bega na ule mkubwa wa Benjamin Mkapa. Ni hapo ambapo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishuka na ya Tanganyika ikapanda. Kwa zaidi ya miongo minne uliitwa Uwanja wa Taifa, basi, kwa kuwa jijini hapakuwa na mwingine wa kuuchanganya nao. Mwaka 2007 ulipofunguliwa uwanja mpya wa watu 60,000, jina la Taifa likahamia huko na mkongwe ukabaki na jina la Uhuru. Mwaka 2020, alipofariki Rais Mkapa, ule mpya nao ukapewa jina lake. Lakini mashabiki walikuwa na jina lao siku nyingi, na mpaka leo ukimwambia mwenye bodaboda akupeleke Shamba la Bibi, hakuulizi swali la pili.

Jambo la kwanza la kuelewa kuhusu uwanja huu ni kwamba haukuwa wa Simba wala wa Yanga. Ulikuwa wa serikali. Simba ina jengo lake Msimbazi, Yanga ina jengo lake Jangwani pamoja na kile kiwanja cha Kaunda kinachozama kila mto ukifurika, lakini nyumbani kwao kwa mechi kubwa kulikuwa kumoja. Chumba alichovalia jezi Mnyama Jumamosi, Mwanajangwani aliweza kuvalia humo Jumapili. Nyasi zilezile, magoli yaleyale, mzunguko uleule wa saruji.

Hilo linafanya kumbukumbu zetu ziwe tofauti na za wenzetu. Arsenal walipoondoka Highbury mwaka 2006 walikuwa wanahama nyumba yao. Washabiki wa Spurs hawana cha kuusimulia uwanja ule isipokuwa kama wageni. Kwetu sisi, kila mechi ya nyumbani ya Simba ina shahidi Mwanayanga, na kila ya Yanga ina shahidi Mwanasimba, kwa sababu watani walikwenda kuangaliana hata siku ambazo mmoja wao hachezi. Walikwenda kuomba mwenzao afungwe. Mwanasimba aliyekwenda Taifa kuwashangilia wageni kutoka Ghana au Morocco anakumbuka mechi hiyo ya Yanga kwa undani kuliko Mwanayanga mwenyewe, kwa kuwa macho yake hayakuwa na machozi wala ukungu wa hofu.

Ninaitaja Highbury kwa sababu nyingine pia. Vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaweza kukusimulia mechi ya mwisho pale: Arsenal 4, Wigan 2, Thierry Henry akifunga matatu, kisha akipiga magoti kuzibusu zile nyasi. Wanaikumbuka kwa kuwa waliiona, na wanaendelea kuiona kila wakitaka. Sina ugomvi na mapenzi yao kwa Arsenal. Lakini inaniuma kwamba kijana wa Temeke, aliyezaliwa mwendo wa dakika kumi kutoka Shamba la Bibi, anazijua nyasi za London na hajui kwamba nyasi za mtaani kwao ziliwahi kumbeba mtu aliyefunga mabao matatu katika mechi ya watani.

Turudi nyuma kidogo, kwenye mechi ambayo wazee wa Yanga huanza nayo kila mara. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo, mabao 5-0. Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara "Popat" moja. Sunderland haikuwa timu ya kuokota. Ilikuwa imechukua ubingwa wa ligi katika misimu miwili ya kwanza kabisa, 1965 na 1966. Baada ya mkono ule mizani ikageuka. Yanga ilitwaa ubingwa mwaka huo wa 1968 na ikaushikilia hadi 1972, miaka mitano mfululizo, ikiwa imejaa watu kama Dilunga na ndugu wa ukoo wa Manara. Mwaka 1969 ilifika robo fainali ya klabu bingwa ya Afrika na kukutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi zote mbili zikaisha kwa sare ya 1-1, hakukuwa na penalti wakati huo, kura ikapigwa, Yanga ikatolewa na bahati. Mwaka uliofuata wakakutana tena katika hatua hiyohiyo, Kotoko ikapita tena, na safari hiyo ikaenda kulichukua kombe lenyewe. Hiyo ndiyo Yanga ambayo mashabiki wake walikuwa wakiitembelea Taifa kila wiki. Ukimsikia mzee anasema mpira wa zamani ulikuwa mpira, muulize anaanzia mwaka gani kuhesabu zamani. Kama ni mtu wa kijani na njano, atakwambia 1968.

Mtu wa nyekundu na nyeupe atakwambia 1977, na hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu mechi ile inasimuliwa nusu.

Inasimuliwa kwamba Simba walikuwa hatari, na ni kweli. Kati ya 1976 na 1980 walichukua ubingwa kila mwaka, mara tano, wakilipa ile mitano ya Yanga. Kinachosahaulika ni hali waliyokuwa nayo Yanga. Mwaka mmoja kabla, klabu ilikuwa imepasuka katikati. Waliotoka wakaanzisha Pan African, na hawakutoka peke yao. Waliondoka na wachezaji walioifanya Yanga iwe Yanga. Timu iliyoingia uwanjani Julai 1977 ilikuwa imebaki na jezi na jina. Wanayanga waliokuwa Taifa siku ile walikuwa wakitazama matokeo ya ugomvi wa wanachama wao wenyewe yakiandikwa kwa mabao, moja baada ya jingine hadi sita. Mzee wa Yanga akikusimulia 1977 kwa uaminifu, hatakuambia kuhusu Kibadeni peke yake. Atakuambia kuhusu mikutano iliyovunjika, kambi mbili zilizokuwa hazisalimiani, mtu na kaka yake waliokuwa wanakaa majukwaa tofauti. Hayo hayamo kwenye orodha ya wafungaji. Na mwanachama wa leo anayepiga kelele kwenye mkutano mkuu angenufaika sana kuyasikia kutoka kwa aliyeyaona.

Hapo utaona kwa nini nasema mtani ni mtunzaji wa kumbukumbu zako. Mwanasimba anakumbuka shangwe ya 1977. Sababu zake anazo Mwanayanga. Ukihoji upande mmoja, umepata nusu ya mechi.

Kumbukumbu za nyumbani si za ushindi tu, na nadhani hapa ndipo mashabiki wa kweli hujitenga na wapita njia. Mwaka 1979 Simba iliikaribisha Mufulira Wanderers ya Zambia katika klabu bingwa ya Afrika. Ikafungwa 4-0. Nyumbani, Taifa, mbele ya watu wake. Walioshuka mzunguko jioni ile walishuka wakijua kwamba mashindano yamekwisha. Mechi ya marudiano ilikuwa ya kukamilisha ratiba. Simba wakaenda Zambia, wakashinda 5-0.

Mechi ya Zambia ndiyo inayotajwa, na inastahili. Ila nimegundua kwamba wazee waliokuwapo wanaitaja ile ya kwanza kwa uzito uleule, kwa sababu ndiyo waliyoiona kwa macho. Ya pili waliisikia redioni. Na walioondoka Taifa kwa hasira, wakaapa hawatafungua redio siku ya marudiano, hao ndio wanaosimulia kwa uchungu mtamu kuliko wote. Bila 4-0 ya nyumbani, 5-0 ya ugenini ingekuwa ushindi mkubwa tu. Maumivu ya Shamba la Bibi ndiyo yaliyoupa thamani.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, uwanja uleule uliiona Taifa Stars ikiifunga Zambia 1-0, bao la Mohamed Rishard Adolf. Wiki mbili baadaye Peter Tino akasawazisha kule Ndola, 1-1, na Tanzania ikaenda fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kule Lagos kwa mara ya kwanza. Bao la Tino linajulikana hata na watoto. Bao la Adolf, lililoitanguliza Tanzania kabla ya sare ya Ndola, limebaki kuwa mali ya walionunua tiketi.

Kisha kuna 1993.

Sijui kama ipo mechi nyingine ya klabu nchini ambayo watu wengi hivi wanaikumbuka kwa maneno machache hivi. Taja 1993 mbele ya Mwanasimba wa makamo, atanyamaza kwanza. Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la CAF, mashindano yaliyokuwa katika mwaka wake wa pili. Njiani ilikuwa imeitoa El Harrach ya Algeria, ikaitoa Aviação ya Angola katika nusu fainali. Hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imewahi kucheza fainali ya Afrika. Kocha alikuwa nani? Abdallah Kibadeni, yuleyule King Mputa, sasa amekaa benchi kwenye uwanja aliofungia mabao matatu miaka 16 kabla. Golini alikuwa Mohamed Mwameja. George Masatu alikuwapo, Hussein Marsha alikuwapo. Mechi ya kwanza dhidi ya Stella kule Abidjan iliisha 0-0. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ushindi wowote nyumbani, hata wa bao la kuokoteza, na kombe linabaki Dar es Salaam.

Rais Ali Hassan Mwinyi alikuja uwanjani. Inasimuliwa kwamba wachezaji walikuwa wameahidiwa gari kila mmoja. Inasimuliwa kwamba mipango ya sherehe ilikwisha kupangwa. Watu walijaa mpaka pa kuweka mguu pakakosekana, na tukumbuke kwamba uwanja ule haukuwa na paa la kuwafunika watu wa mzunguko. Waliingia asubuhi, jua likawachoma, wakaimba hadi sauti zikakauka kabla mpira haujaanza.

Boli Zozo akafunga. Kisha Boli Zozo akafunga tena. Stella 2, Simba 0.

Jina hilo, Boli Zozo, halikupata umaarufu mkubwa popote duniani kama lilivyoupata hapa kwetu. Wako watu Dar es Salaam ambao hawawezi kukutajia mchezaji mwingine hata mmoja wa Stella, wala hawajui klabu ile iko mtaa gani wa Abidjan, lakini jina la mtu huyo watakufa nalo. Wako Wanayanga waliolifanya jina hilo kuwa salamu ya kumkera mtani kwa miaka mingi. Na hapa pana jambo ambalo halisemwi sana: wako pia Wanayanga waliokwenda uwanjani siku ile wakiishangilia Simba. Si wote, na hawapendi kutajwa. Walikwenda kwa kuwa ilikuwa Tanzania inacheza fainali. Utani uliwekwa kando kwa dakika 90, na kipenga kilipopulizwa watu wa pande zote mbili walitoka kimya kwa lango moja. Mzee Mwinyi alifariki Februari 2024. Wengi wa waliokuwa jukwaa moja naye siku ile wamemtangulia. Kumbukumbu hiyo, ya Mwanayanga aliyelia kwa ajili ya Simba, haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakuiona, na haitapatikana kwenye gazeti la siku iliyofuata.

Nikilinganisha na 1993, mechi nyingine kubwa za pale zinapita haraka kichwani mwangu. Ushindi wa Simba wa 1-0 dhidi ya Mehalla ya Misri katika nusu fainali ya 1974, kabla ya kutolewa kwa penalti kule kwao. Simba 4, Yanga 1, Julai 1994. Yanga ya 1998, klabu ya kwanza ya Tanzania kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Bao la Emmanuel Gabriel dhidi ya Zamalek mwaka 2003, lililowapa Simba kitu cha kukilinda kule Cairo mpaka Juma Kaseja akaimaliza kazi kwenye penalti na mabingwa watetezi wa Afrika wakavuliwa taji. Kila moja ya hizo ina watu wake, na kila mmoja wa watu hao anaamini yake ndiyo kubwa.

Lakini mtu anakumbuka vipi mechi ambayo hakuna marudio ya kutazama? Kwanza kwa redio. Wengi waliokuwa uwanjani walikuwa na redio ndogo sikioni, wakitazama kwa macho na kusikiliza Radio Tanzania kwa wakati mmoja, kana kwamba tukio halijathibitika mpaka Ahmed Jongo alitaje. Wasiokuwa na nauli ya Temeke, na wanawake wengi ambao siku zile majukwaa hayakuwa rafiki kwao, waliyajua mabao ya Taifa kwa sauti hiyohiyo. Nimewasikia akina mama wa Ilala wakisimulia mechi za miaka ya themanini kwa usahihi wa kushangaza, ilhali hawakuwahi kuingia uwanjani hata siku moja. Hao nao ni mashahidi. Charles Hilary, mmoja wa sauti kubwa za kipindi hicho, alifariki Mei 2025. Tulimlilia kama mtangazaji. Sikumsikia mtu akiuliza ni mechi ngapi zimekwenda naye.

Pili, kwa majina. Mzunguko wa Shamba la Bibi ulikuwa na kipaji cha kubatiza watu. Sunday Manara akawa Computer. Omar Hussein akawa Keegan. Abeid Mziba akawa Tekero. Zamoyoni Mogella akawa Golden Boy. Makumbi Juma akawa Homa ya Jiji, Madaraka Selemani akawa Mzee wa Kiminyio. Majina haya hayakutoka kwenye ofisi ya masoko ya klabu. Mtu mmoja alipaza sauti kutoka kwenye saruji, wenzake wakacheka, wakaitikia, na baada ya mechi mbili jina likawa la mchezaji kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila jina lina siku yake na tendo lake. Tunajua majina, siku na tendo tunavipoteza. Nani alikuwa wa kwanza kupaza sauti? Ameketi kijiwe gani leo?

Sitaki nieleweke kwamba natamani turudi kule. Uwanja wa zamani uliwachosha watu. Ulikuwa na msongamano ambao ulitisha, vyoo visivyostahili binadamu, milango michache, na mvua ikinyesha hapakuwa na pa kukimbilia. Machi 2021, watu walipokusanyika pale kumuaga Rais Magufuli, msongamano uliua watu 45. Hiyo nayo ni sehemu ya kumbukumbu za uwanja ule, na kwa familia hizo hakuna mechi inayoweza kuwa kumbukumbu kubwa zaidi ya pale. Uwanja mpya una viti, una paa, una nafasi. Watoto wanakaa na mama zao. Sitabadilisha hilo kwa chochote.

Na uwanja mpya umeanza kuwa na hazina yake. Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0 pale, na Wanasimba wakaimba kwamba deni la 1968 limelipwa bao kwa bao, ilhali wengi wa waliokuwa wanaimba walizaliwa miaka mingi baada ya deni hilo. Hiyo ndiyo nguvu ya kumbukumbu ikirithishwa vizuri. Kijana wa miaka 20 alikuwa amebeba aibu ya babu yake kwa miaka yote, na siku hiyo akaitua. Novemba 2023 Yanga ikajibu kwa 5-1. Mechi hizo zimerekodiwa kwa kamera kila pembe, na hazihitaji mtetezi.

Hata hivyo, yaliyotokea Mei 2025 yalipaswa kutushtua. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Berkane ya Morocco. Ilikuwa fainali ya tatu ya Afrika kwa klabu yetu yoyote, baada ya ile ya 1993 na ile ya Yanga dhidi ya USM Alger mwaka 2023. Mechi ya nyumbani haikuchezwa nyumbani. Uwanja wa Mkapa haukuwa tayari, ikapelekwa Zanzibar, Amaan. Wazanzibari waliipokea kwa moyo, nawashukuru, na Simba ilipambana hadi sare ya 1-1 isiyotosha. Ila mtu wa Temeke aliyekuwa na ndoto ya kumwambia mjukuu wake "babu yako alikuwapo 1993, nawe ulikuwapo 2025, mita chache kutoka palepale" hakuipata. Klabu ambayo haimiliki nyumba inaweza kuambiwa ihame siku ya sherehe. Ndivyo ilivyokuwa enzi za Shamba la Bibi, na miaka hii yote klabu zetu bado zinaishi hivyo.

Ahadi za viwanja tumezisikia. Yanga wanazungumzia Jangwani, Simba wamezungumzia Bunju. Naziombea zitimie. Lakini kukusanya kumbukumbu hakuhitaji mkandarasi wala tani moja ya saruji. Kunahitaji simu yenye kamera, kiti, na mtu mwenye subira ya kusikiliza.

Kila mwaka Simba wanajaza uwanja kwa Simba Day. Yanga wana Wiki ya Mwananchi. Siku hizo wanaletwa wanamuziki, zinaoneshwa jezi mpya, wachezaji wa kigeni wanatambulishwa kwa fataki. Wachezaji wa zamani hupungiwa mkono, wakapewa makofi, wakakaa. Shabiki wa zamani hapewi chochote. Naomba klabu hizi mbili ziweke hema moja nje ya uwanja, wiki hiyo yote, kwa ajili yake. Aje na tiketi yake ya zamani kama anayo, aje na picha, aje na kichwa chake tu. Aulizwe: ulikaa wapi, uliingiaje, ulikuwa na nani, nani alifunga na wewe ulifanya nini. Asikatizwe akikosea mwaka. Mwaka tutautafuta wenyewe kwenye magazeti ya Uhuru na Daily News; alichokiona hatuwezi kukitafuta popote.

Na kwa kuwa nyumba ilikuwa moja, hema liwe moja. Wapangwe wawili wawili, Mwanasimba na Mwanayanga wa rika moja, wasimuliane mbele ya kamera. Wa 1968 waanze wao, kwa sababu aliyekuwa na miaka 20 siku ya mkono wa Dilunga na Zimbwe amekwisha kuvuka 75. Wafuate wa 1977. Wa 1993 wana nafasi bado, ingawa si kubwa kama wanavyodhani. Tawi la Yanga la mtaani kwenu lina orodha ya wanachama wake. La Simba vilevile. Katibu wa tawi anajua ni mzee yupi haonekani siku hizi kwa sababu miguu imegoma. Huyo asisubiriwe hemani, afuatwe nyumbani kwake wiki hii.